Mwaridi Barazani: Kutoka Mikindani Hadi Mdomo wa Ruvuma

Zamani mama ambaye bwana wake alipata uhamisho wa kwenda Mtwara alipewa pole kabla ya kupewa hongera. Safari ya kutoka Dar es Salaam ni kama kilometa 560, lakini wakati wa masika iliweza kuchukua siku kadhaa. Magari yalisubiri kivuko cha Ndundu katika Mto Rufiji, na baada ya kivuko yalikuja matope. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, na lami ilipokamilika kipande kwa kipande, mambo yakabadilika. Siku hizi unapanda basi alfajiri, na jioni unakula samaki Mtwara.

Hata hivyo, mpenzi msomaji, swali la mama anayehama halijabadilika. Nibebe nini, niache nini? Vyombo vinafungwa, magodoro yanakunjwa, kuku wanagawiwa majirani. Bustani ndiyo hubaki nyuma. Ndiyo maana akina mama wengi wa pwani hii hupenda kuotesha ua lao la thamani ndani ya chombo. Chombo huhama na mwenye nyumba.

Katika makala haya tutembee pamoja katika pwani ya Mtwara, huku tukijifunza namna ya kutunza mwaridi unaotambaa, ndani ya nyumba na nje bustanini. Twende tukiwa na swali moja ambalo kila mama Mkristo hana budi kujiuliza anaposhika ndoo ya maji: je, ni haki kumpa ua maji haya?

MIKINDANI, MJI WA KALE

Basi kabla halijafika Mtwara hupita Mikindani, yapata kilometa kumi kutoka mjini. Hapa bahari imeingia ndani ya nchi ikafanya ghuba ya mviringo iliyotulia kama maji ya beseni. Kuna nyumba za mawe zenye milango ya nakshi, nyingine zimebomoka, nyingine zinakaliwa. Juu ya kilima iko Boma ya Wajerumani iliyojengwa mwaka 1895, ambayo baadaye ilikarabatiwa ikawa nyumba ya wageni.

Dakta Livingstone alianza safari yake ya mwisho hapa mwaka 1866. Alikuwa amekusudia kushukia mdomoni mwa Ruvuma, lakini mikoko na tope havikumruhusu kuteremsha ngamia, nyati na punda aliokuwa nao, hivyo akarudi kaskazini hadi ghuba hii.

Katika uchochoro mmoja nyuma ya nyumba za mawe nilimkuta bibi mmoja ameketi juu ya mkeka, akichambua mawaridi mekundu kwenye ungo. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Karibu uani." Mwaridi wake ulikuwa katika debe la zamani lililotobolewa kwa msumari. Matawi yalikuwa yamepanda ukutani hadi chini ya paa, yamefungwa kwa vipande vya kanga. Nilipomwomba aniuzie tawi moja alicheka. "Hela ya nini, mwanangu? Na mimi nilipewa." Akakata matawi matatu, akayafunga kwa kitambaa kibichi, akanipa.

Yeye ni Mwislamu, nami ni Mkristo. Mawaridi yake huyaweka katika nguo na katika kikuba. Kwetu mawaridi ya namna ile ile hupamba altare Jumapili, na arusi pia. Katika pwani hii ambapo tunaishi ukuta kwa ukuta na ndugu wa dini nyingine, tawi la mwaridi limefungua milango mingi ambayo maneno matupu yasingeifungua.

KUJUA UNALOPANDA

Waridi si geni pwani. Kwa miaka mingi majahazi yalileta marashi ya mawaridi kutoka Omani na Uajemi, na wageni walinyunyiziwa kwa mrashi. Lakini waridi la marashi la milima ya Omani, kama lile la Jabal Akhdar, linahitaji baridi ya mlimani nalo huchanua msimu mmoja tu kwa mwaka. Vivyo hivyo mawaridi marefu ya Arusha yanayosafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya huota kwenye nchi ya juu yenye usiku wa baridi. Ukileta mche wa namna hiyo Mtwara, usishangae ukikataa.

Jambo hili pwani ya kusini inalijua vizuri. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu zake. Bandari yenye kina kirefu ilijengwa Mtwara, na reli ikatandazwa kwenda bara. Lakini udongo na mvua havikuwa vimepimwa vya kutosha kabla ya kuanza, na mwaka 1951 mradi ulikufa. Reli nayo baadaye iling'olewa. Ikiwa serikali yenye fedha ilishindwa kwa kutochunguza udongo, sisi wenye debe moja tuchunguze zaidi.

Chagua basi tawi kutoka kwa mwaridi ambao tayari umeishi pwani miaka mingi. Huo umekwisha kuzoea joto. Kata tawi lenye unene wa penseli na urefu wa sentimeta 20, lililokwisha kutoa ua. Ondoa majani ya chini, ubakize mawili ya juu. Lichomeke nusu yake katika mchanga wenye unyevu, mahali penye kivuli. Wakati mzuri ni mvua zinapoanza, Novemba au Desemba. Baada ya majuma sita hadi manane tawi huwa na mizizi. Panda matatu ili upate moja, na yote yakishika utakuwa na zawadi ya jirani.

CHOMBO NA UDONGO

Mwaridi unaotambaa una mizizi inayokwenda chini sana. Kopo la maziwa halitoshi. Tafuta chombo chenye kina cha sentimeta 40 au zaidi: ndoo kubwa ya plastiki, chungu kikubwa cha udongo, au pipa lililokatwa nusu. Toboa matundu matano au sita chini, uweke vigae juu yake ili udongo usizibe.

Chungu cha udongo hupumua na hupoza mizizi, ila hukauka upesi. Bati hushika joto la jua hadi mizizi ikaungua. Ikiwa una debe tu, livishe pakacha la makuti nje ili jua lisilipige moja kwa moja. Ni kazi ya dakika chache, nayo inapendeza.

Changanya udongo hivi: makopo mawili ya udongo mwekundu, kopo moja la samadi iliyooza vizuri, na kopo moja la mchanga. Mchanga uwe wa mtoni, usiwe wa ufukweni, kwa sababu ule wa ufukweni una chumvi. Juu ya udongo tandaza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa ili maji yasikauke. Hapa pia angalia chumvi. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba hayafai. Tumia ya jikoni kwako.

Kila baada ya miezi miwili upe mwaridi maji ya samadi. Loweka samadi katika ndoo majuma mawili, kisha yazimue mpaka yawe na rangi ya chai nyepesi. Ndoo hiyo uifunike vizuri, watoto wasiichezee na mbu wasizaliane humo. Kila mwaka wa pili au wa tatu badilisha udongo wote.

KUUFUNGA NA KUUKATA

Mwaridi haushiki wenyewe kama mpesheni. Hauna vikonyo vya kujisokotea, ila una miiba tu, na usipofungwa huanguka. Simamisha fito tatu au nne ndani ya chombo, uziunganishe juu, au weka wavu wa fito ukutani. Funga kwa vipande vya kanga kuukuu, kwa mkunjo wa namba nane, tawi upande mmoja na ufito upande wa pili. Waya hukata ganda la tawi.

Hapa iko siri ambayo wengi hawaijui. Tawi likipanda wima, chakula chote hukimbilia nchani na ua moja tu huchanua juu kabisa. Ukiliinamisha polepole likalala upande, au ukilizungusha kwenye fito kama ngazi ya mviringo, kila jicho la tawi hilo huamka na kutoa ua. Inamisha tawi likiwa bado changa, likikomaa huvunjika.

Miaka miwili ya kwanza usikate matawi makubwa. Ondoa yaliyokufa na yanayosuguana. Ua likinyauka, likate pamoja na kikonyo chake, juu kidogo ya jani la kwanza lenye vipande vitano, nalo lingine litakuja. Kuanzia mwaka wa tatu, mvua zikiisha mnamo Mei au Juni, punguza matawi ya pembeni yabaki na macho mawili au matatu. Tumia kisu kikali kilichooshwa. Usiogope kukata. Mawaridi mazuri ya Mtwara huja Juni hadi Agosti, usiku unapopoa. Wakati wa joto maua huwa madogo na hufunguka na kupukutika upesi, nalo si kosa lako.

UGONJWA AMBAO MTWARA WANAUJUA

Tukiendelea na safari tunaingia Mtwara penyewe, mji wenye barabara pana, kutoka sokoni Chikongola hadi Shangani penye upepo wa bahari. Nje ya mji kiko kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, kinachojulikana hasa kwa korosho. Mama yeyote wa hapa anajua ubwiri unga, ule ugonjwa uliogunduliwa nchini mwaka 1979 ambao hufunika maua ya mkorosho kwa unga mweupe. Kila mwaka salfa hupulizwa mashambani kuuzuia.

Mwaridi nao hushikwa na ndugu wa ugonjwa huo. Majani machanga hujikunja na kuwa na unga mweupe. Salfa husaidia hapa pia, lakini kwa uangalifu. Ipulize kidogo sana jioni, jua limekwisha kupoa, kwa kuwa katika joto kali huunguza majani. Jifunge kitambaa puani na mdomoni, uwaweke watoto mbali, na usiihifadhi jikoni kamwe.

Wakati wa mvua huja adui mwingine, madoa meusi yenye kingo za manjano. Majani hupukutika mpaka tawi likabaki uchi. Okota kila jani lililoanguka ulichome. Mwagilia udongoni, usilowanishe majani, tena asubuhi ili mmea ukauke mapema. Acha nafasi ya upepo kati ya chombo na ukuta. Vidukari wanaojikusanya kwenye vichipukizi waondoe kwa vidole, au kwa maji yenye sabuni kidogo ya mche, kisha suuza.

NDANI YA NYUMBA

Mama wengi hutamani mwaridi ukae sebuleni daima. Kwa kweli haiwezekani. Mmea huu unataka jua kwa muda wa saa sita kila siku. Ukiwa ndani huwa mrefu na mwembamba, na utitiri mwekundu hutanda utando chini ya majani. Mahali pake pa kudumu ni baraza inayotazama mashariki, ipate jua la asubuhi na kivuli mchana, au uani penye ukuta wa kuzuia kusi. Upepo wa kusi huleta vumbi la chumvi kutoka baharini, nalo huchoma majani.

Mwaridi ukichanua, au ukipata wageni, uingize sebuleni karibu na dirisha kwa siku mbili au tatu, kisha urudishe. Uweke mahali ambapo mtoto anayetambaa hafikii miiba. Kisahani cha chini kisiachwe na maji, kwani mbu wa dengu hutaga humo. Kijaze mchanga au ukimwage kila siku.

Chombo kina faida nyingine. Mwezi wa Aprili mwaka 2019 watu wa Mtwara walitangaziwa kuwa kimbunga Kenneth kinakuja. Shule zilifungwa na watu wakatafuta mahali pa usalama. Kimbunga kilitua ng'ambo ya mpaka, mkoani Cabo Delgado, nchini Msumbiji, na ndugu zetu huko waliumia sana. Siku kama hiyo mti wa bustanini hauwezi kukimbia. Ulioko ndani ya ndoo huingizwa mlangoni baada ya watoto.

Kwa mwenye kiwanja chake, mwaridi waweza kuhamia ardhini. Chimba shimo la sentimeta 50 kila upande, ulijaze mchanganyiko ule ule, na upande mvua zinapoanza. Usiupande karibu na mnazi au mwembe, maana mizizi ya miti hiyo itakunywa kila kitu.

MDOMO WA RUVUMA

Kutoka Mtwara kwenda kusini-mashariki njia hupita Madimba, penye kiwanda cha gesi, mpaka Msimbati kwenye Ghuba ya Mnazi, ambapo gesi iligunduliwa mwaka 1982. Tangu mwaka 2000 eneo hili ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, lenye ukubwa wa kilometa za mraba 650 za maji na nchi kavu. Hapa mto hukutana na bahari kati ya mikoko mingi, na ng'ambo ni Msumbiji.

Simama penye mikoko wakati maji yamekupwa. Utaona mchu umetoa mizizi kama penseli iliyosimama topeni, inapumua. Lamba jani lake, utaonja chumvi, kwa maana mti huu hunywa maji ya chumvi na kuitoa chumvi kwa njia ya majani. Mwenyezi Mungu ameupa uwezo huo. Mwaridi hakuupewa. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na ukiyatumia kila siku, kingo za majani hugeuka kahawia, kisha mmea hufa polepole. Kinga maji ya mvua kutoka paani. Kama huna ila ya kisima, basi mara moja kwa mwezi mwagia maji mengi baridi yasiyo na chumvi mpaka yatoke matunduni na kuondoa chumvi iliyojikusanya.

JE, NI HAKI?

Sasa tufikie lile swali. Mwaridi katika chombo cha lita 20 hutaka kama lita tatu kila siku wakati wa kiangazi. Hiyo ni ndoo moja kwa juma. Katika nyumba ambamo ndoo hununuliwa, ndoo moja si kitu kidogo. Na kule juu, katika uwanda wa Wamakonde, Newala na Tandahimba, ardhi hunyonya mvua na chemchemi ziko chini mabondeni. Wanawake wa huko wamebeba maji vichwani tangu enzi za bibi zetu. Ukiwa na jirani kutoka huko, atakutazama unapomwagilia ua.

Swali hili liliulizwa hata Bethania, Mariamu alipoimwaga marhamu ya thamani miguuni pa Bwana. Aliyeuliza alitaja maskini, na Bwana alimtetea yule mama. Lakini tusijifiche nyuma ya habari hiyo. Mariamu alitoa kilicho chake, hakuchukua kikombe cha mtoto. Kwa hiyo utaratibu uwe huu: kwanza chungu na watoto, pili mgonjwa na jirani aliyekosa, tatu mwaridi.

Nao mwaridi hauhitaji maji mapya. Maji ya kuoshea mchele yanaufaa, na ya kuoshea mboga pia. Maji ya suuza ya mwisho ya nguo yanafaa ikiwa hayana sabuni ya unga. Yakusanye katika ndoo moja tangu asubuhi, na jioni utaikuta karibu nusu. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole udongoni. Kama kuna unyevu, ngoja hadi kesho. Mama mwangalifu anaweza kutunza mwaridi mwaka mzima bila kuchota tone moja kwa ajili yake.

Na kiangazi kikizidi hata maji hayo yakakosekana, uache upumzike kivulini. Utapukutisha majani na kuonekana umekufa. Usiung'oe haraka. Kwaruza ganda kwa ukucha; ukiona kijani chini yake, bado u hai. Kumbuka mfano wa Bwana wetu katika Luka sura ya 13, wa mtunza shamba aliyeuombea mtini mwaka mmoja zaidi, apate kuupalilia na kuutia samadi. Mvua ya kwanza ya Novemba huwashangaza wengi.

Akina mama wenzangu, wako kati yetu walioletwa Mtwara na uhamisho, wakalia usiku wa kwanza. Wako waliovuka Ruvuma wakikimbia vita, wasiweze kubeba hata chungu. Kwa dada kama hao tuna zawadi isiyogharimu kitu: tawi moja, kopo la mchanga, na dakika kumi za kuonyesha namna ya kulipanda. Mpe leo, kisha umtembelee baada ya majuma sita kuona kama limeshika. Hata kama halikushika, utakuwa umemtembelea mara mbili.